Baiskeli Isiyoandikwa Ukutani mwa Joka

Mabula Ngassa,
Ushirombo.
9 Agosti, 1979

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Joka,
Kijiji cha Mwambogo.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUACHWA KWA BAISKELI YA BABA MKWE KATIKA ORODHA YA VILIVYOMEZWA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na joka pia. Mimi mwili haujambo. Mengine utayasoma.

Jumamosi ya tarehe 28 Julai nilifika kwenye Nyumba yenu ya Joka, hapo kando ya ziwa, pamoja na mke wangu Paskazia na baba yake, Mzee Mageni. Tulilipa kiingilio bila kinyongo. Lakini mimi sikuja kutalii, nilikuja kutafuta ushahidi. Mwaka 1963, nikiwa mchumba wa Paskazia, nilikuwa nimebakiza ng'ombe mmoja wa mahari, wa kumi na tano. Mzee Mageni alichoka kunisubiri, akaniazima baiskeli yake mpya aliyoipata kwa pamba, nyeusi, yenye kengele kubwa, ili nikamlete huyo ng'ombe upesi. Ng'ombe nilimleta. Baiskeli sikuirudisha. Nilimweleza mzee kwamba niliiegemeza ukingoni mwa ziwa lenu ninywe maji, joka likatoka, likaimeza. Kwa miaka kumi na sita mzee amenitazama tu. Kwetu mtu na mkwewe hawabishani, basi tukaishi hivyo hivyo, yeye akitembea kwa miguu.

Kijiji chenu kilipotangaza kwamba joka sasa ni kivutio cha wageni, mzee akasema anataka kwenda kuliona lililokula baiskeli yake. Nilifurahi mno. Nikajua nimepona. Kumbe!

Malalamiko yangu ni haya:

1. Joka halikuonekana. Mwongozaji wenu, Ndugu Thobias, alituketisha juani juu ya gogo tangu saa nne mpaka saa saba, akitukataza hata kukohoa. Walitoka majini bata wawili. Thobias akasema leo joka limepumzika. Limepumzika kazi gani? Mkulima akipumzika siku ya kazi, balozi wa nyumba kumi anamgongea mlango.

2. Mifupa. Mlituonyesha ubavu wa joka la zamani, eti mama yake hili la sasa. Mzee Mageni amechunga ng'ombe tangu akiwa na meno ya utoto. Aliushika, akaunusa, akasema ni ubavu wa ng'ombe, tena aliyekufa kwa ndigana. Jasho lilinitoka nikilitetea joka mbele za watu. Nilisema huenda na majoka nayo yana mbavu za namna hiyo. Thobias, ambaye hiyo ndiyo kazi yake, alitazama miguu yake. Inakuwaje mgeni alipe kiingilio kisha afanye kazi ya mwongozaji?

3. Orodha. Hapa ndipo mliponimaliza. Mmeandika ukutani, kwa rangi nyekundu, vitu vyote vilivyomezwa tangu enzi za Mjerumani. Mzee hajui kusoma, lakini Paskazia anajua. Alimsomea baba yake mstari kwa mstari, kidole ukutani. Mbuzi wa mtemi. Mtumbwi. Kofia ya Bwana Shauri wa Mwingereza. Ngoma mbili na mpiga ngoma mmoja. Pampu ya maji ya kijiji, 1975. Magunia saba ya sukari ya duka la ushirika, 1977. Mabati arobaini ya zahanati, 1978. Basi. Akarudia kutoka chini kwenda juu. Baiskeli hakuna.

Ndugu Mwenyekiti, nakuuliza kwa heshima zote. Joka lililomeza pampu pamoja na mabomba yake, lingeshindwaje na baiskeli? Chuma ni chuma. Tena Thobias alitueleza kwamba mabati yale yalikuwa yamefungiwa ndani ya ofisi yako, mwendo wa saa nzima kutoka ziwani. Kama joka liliweza kutembea mpaka huko, likafungua kufuli, likachukua mabati, likafunga na kufuli tena kwa adabu, basi baiskeli iliyoegemezwa mdomoni mwake ni kitu gani?

4. Tulipoondoka tulipita nyumbani kwako kuomba maji ya kunywa. Paa lako linang'aa, hongera sana. Mzee Mageni alisimama akayahesabu mabati kwa kidole kama anavyohesabu ng'ombe, na kwa ng'ombe hakosei. Akafika arobaini. Akasema, kumbe joka la hapa hutapika. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa upole kabisa: na baiskeli yangu limetapika kwa nani?

5. Paskazia hakurudi nami Ushirombo. Alifuatana na baba yake. Alisema kwa kinywa chake mwenyewe kwamba hawezi kumpikia mwanamume ambaye hata joka halimfahamu, na kwamba atarudi siku baiskeli itakaposomeka ukutani. Leo ni siku ya kumi na mbili. Ugali wangu nilimpa mbwa, akautazama, akanitazama na mimi. Nyumba imekuwa kubwa mno, Mwenyekiti. Namkumbuka mke wangu, na sioni haya kuliandika hilo.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, baiskeli iandikwe baada ya mpiga ngoma na kabla ya pampu, kwa herufi kubwa kuliko sukari. Pili, Ndugu Thobias aende kwa Mzee Mageni akaape kwamba aliiona ikimezwa, na kwamba hata leo ziwa likitulia husikika kengele tumboni. Tatu, yakishindikana hayo, joka liitwe mbele ya baraza la usuluhishi, kwa kuwa ndilo linalovunja ndoa yangu. Lisipofika, wewe uliwakilishe, maana mnafahamiana.

Mkinikubalia, mimi sijaona paa la mtu. Mkikataa, Mzee Mageni yuko tayari kuhesabu upya mbele ya wakubwa.

Nisalimie kamati nzima, Ndugu Thobias, wake zenu ambao joka halijawagusa, na wale bata wawili.

Wako katika kulijenga Taifa, na ndoa mkiniruhusu,
Mabula Ngassa

Baada ya sahihi: Barua hii inaletwa na Bwana Fikirini, mfanyabiashara wa Nyarugusu. Atafika kwa baiskeli nyeusi yenye kengele kubwa. Msimuulize aliipata wapi, na akirudi mwambieni asiipige kengele hiyo karibu na kwa Mzee Mageni. Aliipata kwa haki mwaka 1963, kwa kijana mwenye haraka. Kijana huyo alikuwa amesikia kwamba Paskazia ana mchumba mwingine mwenye ng'ombe wote kumi na tano zizini, na yeye anao kumi na nne tu, na mkononi hana kitu cha kubadilishana isipokuwa baiskeli ya kuazima. Ng'ombe aliyepatikana Mzee Mageni alimpokea, akamsifu, akanywa maziwa yake miaka tisa. Kwa hiyo ukilitazama jambo hili vizuri, aliyeimeza baiskeli ni baba mkwe mwenyewe. Hilo tafadhali msiliandike ukutani.