Jembe la Mahari Lililogusa Tope

Jamani, leo nimeadhirika ukweni. Nasema mwenyewe, kabla mjomba hajafika hapa barazani Gongoni akawasimulia na kutia chumvi.

Mnajua namposa Monika wa Ntalikwa. Kwao shilingi peke yake haitoshi. Shilingi ni ya kodi na ya duka la Mhindi. Mke huozwa kwa ng'ombe na majembe. Majembe mapya, hayajatiwa mpini, hayajagusa udongo. Nikayanunua, nikayafunga nyuma ya baiskeli, nikavaa kanzu nyeupe (ya kuazima). Mjomba Maganga, mshenga wangu, alikuwa ametangulia.

Nilipokaribia, gurudumu likazama topeni. Navuta, wapi! Nikachomoa jembe moja, nikachimba kidogo. Kidogo tu! Nikaliosha dimbwini, nikalifuta kwa pindo la kanzu. Likang'aa kuliko mengine. (Nilijiona mjanja.)

"Shikamooni!"

"Marahaba, mwanetu, karibu."

Shangazi yake Monika akayakagua, jembe moja moja. Akafika kwa lile. Akalinusa. Kweli, alinusa!

"Hili limekwisha fanya kazi."

"Hapana, shangazi. Jipya kabisa, limetoka dukani jana."

Akapitisha ukucha pembeni. Tope. Akamgeukia baba yake Monika.

"Kaka, hili ni la kurudishiwa! Huyu kakimbiwa na mke, karudishiwa majembe yake, ndiyo anatuletea sisi!"

Monika akachungulia mlangoni, kanikazia macho. Binti nampenda, jamani, na nilimwona ananiponyoka hivi hivi. Mjomba yeye akawa anatazama paa.

Nikaeleza habari ya baiskeli. Hakuna aliyeamini. Ikabidi mzee atoke kwenda kuliona hilo shimo, Monika na majirani nyuma yake.

"Chimba tena tuone."

Nikachimba, na kanzu ya watu mwilini. Alama zikalingana. Monika akacheka mpaka akakaa chini.

Shilingi inapita kwenye mikono michafu ya mji mzima, hakuna anayeuliza. Jembe lichimbe mara moja tu, unaitwa mume wa mtu!

"Posa tumeipokea," mzee akasema. "Lakini hili si mahari tena, kalimie. Jumapili ulete jingine."

Nitalipeleka. Na atakayecheka hapa ndiye atakayelibeba, kichwani, kwa miguu, mpaka Ntalikwa.