Malalamiko Kuhusu Ng'ombe Wasiokamuliwa

Kambi ya Ng'ombe ya Wathkei,
Ukingoni mwa Mto Sobat.

Kwa Mheshimiwa Bi Nyamal Koang,
Afisa wa Ulinzi wa Raia na Haki za Wanawake,
Ofisi ya Wilaya.

Mheshimiwa,

Natumaini wewe mzima, na watumishi wa ofisi yako wote wazima. Sisi huku hatuko wazima sana, na wa kulaumiwa ni wewe. Nasema hivyo kwa heshima zote.

Mimi ni Wiyual Gatkek, mkuu wa kambi hii. Uliwaita wake zetu mjini wakazungumze amani na wanawake wa ng'ambo ya mto, wale ambao waume zao wanatuibia ng'ombe nasi tunawaibia. Tulikubali. Tulidhani watagombana siku ya kwanza na jioni watarudi. Wiki ya pili hii! Kwa hiyo naleta malalamiko yafuatayo:

1. Ng'ombe. Wewe ni mtoto wa hapa hapa, unajua kwamba mwanamume aliyekwisha chanjwa paji la uso akaingia utu uzima hagusi kiwele. Ni mwiko. Wanaokamua ni wanawake na watoto. Wanawake unao wewe, na watoto wamo shuleni, ambayo nayo ni kazi ya ofisi yako. Tumebaki wanaume peke yetu, mikuki mkononi, tunatazama viwele vilivyovimba. Tuliwaachia ndama wanyonye. Wamenyonya mpaka wanaharisha. Njaa inatuuma, na mzee Chuol amesema mbele ya watu, "Maadui na waje tu, ila waje na wake zao."

2. Njia. Zamani njia ya mjini ilikuwa mbaya, wanawake wakikamatwa na wenye bunduki hata wakienda kuokota kuni. Lilikuwa jambo la kusikitisha, lakini lilitusaidia: mke akisema anakwenda kwa mama yake, unamjibu, "Njia mbaya, mama watoto," naye anakaa. Sasa askari wa kofia za bluu wanawasindikiza kwenda na kurudi. Siku ya safari nilimwambia mke wangu, Nyaruot, kwamba njia mbaya. Alicheka mpaka akaweka kibuyu chini. "Njia nzuri siku hizi, baba Buom. Tafuta neno jingine." Sijalipata mpaka leo.

3. Hili ndilo zito. Tumeletewa habari kwamba mkutano wako umepitisha azimio: mwanamke wa upande wowote hatamkamua ng'ombe aliyeletwa kwa bunduki. Jamani, Mheshimiwa, hayo ni mambo gani? Ng'ombe wa wizi asiyekamuliwa ni wa nini? Vijana wetu walikuwa wamekwisha jiandaa kuvuka mto, pamoja na mwanangu Gatbel, anayetafuta ng'ombe wa mahari. Akapitia mjini kumuaga mchumba wake, Nyagoa, ambaye naye yuko mkutanoni. Msichana wa adabu kabisa, nilimchagua mwenyewe. Akamwambia mbele ya wenzake, "Walete tu. Utawakamua mwenyewe, nami nitakuja kutazama." Wanawake wote wakacheka mpaka wakakaa chini. Gatbel akarudi kambini na bunduki yake kama ilivyokwenda, na wale vijana wengine nyuma yake. Ng'ambo nako nasikia ni hivyo hivyo, vijana wao wamelala tu. Vita vya mwaka huu vimeharibika.

4. Kutokana na hilo la tatu, mwanangu yuko hapa. Mzima! Anakoroma, anaamka, ananiuliza maziwa yako wapi. Kaka yake Buom hakunisumbua namna hii. Buom alivuka mto kutafuta mahari; ng'ombe wakafika, yeye hakufika. Asubuhi ile mama yake alimkamua mmoja wa wale ng'ombe, akayamwaga maziwa yote chini, akaenda zake. Nilidhani ni uchungu wa siku moja. Sasa naambiwa aliyesimama mkutanoni na kulitoa azimio hilo ni yeye.

5. Nilikuwa na la tano, lakini kwa kelele za hawa ng'ombe limenitoka.

Basi naomba haki za wanawake ziendelee, hatuzipingi, ila ziwe baada ya kukamua asubuhi na ziishe kabla ya kukamua jioni. Raia nao walindwe, lakini ikumbukwe kwamba na sisi wanaume ni raia.

Nisalimie askari wa kofia za bluu, mpishi wa mkutano, na hata wanawake wa ng'ambo. Nyaruot usimsalimie. Mwambie nimekasirika.

Ni mimi, mwenye njaa na heshima zangu,
Wiyual Gatkek

Nyongeza: Mjumbe amechelewa, kwa hiyo naongeza kidogo. Leo asubuhi Nyaluak, ng'ombe wa Nyaruot, alilia mpaka nikashindwa kuvumilia. Nikajifunika shuka kichwani, nikanyemelea nyuma ya kibanda. Nikamkuta Gatbel amekwisha chuchumaa pale, na kibuyu. Tulitazamana. Nikashika mkia. Tafadhali usiwarudishe wanawake mpaka wamalize, hata ikiwa ni msimu mzima, na hilo azimio walipige muhuri. Ila muulize Nyaruot, kwa siri, huwa anamwimbia wimbo gani huyu ng'ombe, maana anatubania maziwa, na amempiga Gatbel teke. Hakuumia. Mwambie mama yake yuko mzima. Mwambie mara mbili.