Povu la Mlonge

Jumatatu, 2 Agosti 1976, Kurui
Ijumaa afisa wa maji anakuja kutoka Kisarawe. Mbele yake tutachagua msimamizi wa maji wa kijiji. Tunaowania ni wawili: mimi Zahoro, katibu wa kamati, na Biasha, mjane asiye na cheo. Maji ya lambo yamefanana na chai ya maziwa, watoto wanaharisha. Ya mtungi wa Biasha yanang'aa. Nikamuuliza siri. Hakunificha. Anatwanga mbegu tano za mlonge kwa ndoo, anakoroga polepole, anayaacha yatulie asubuhi nzima. Nikashukuru kwa unyenyekevu nisiokuwa nao.

Jumanne, 3 Agosti
Kama tano zinatosha, thelathini zitatosha zaidi. Nikakoroga kwa nguvu za mtu anayetaka cheo. Povu likajaa hadi ukingoni. Mke wangu Mwamini akauliza nafua nini. Nikamjibu ni utaalamu. Chini ya povu, tope vilevile.

Jumatano, 4 Agosti
Nimeshuku mafuta ya mbegu. Nikayakamua yote, na maji nikayapasha moto. Povu maradufu. Biasha akapita, akasimama.
"Katibu, hayo maji unayapiga. Yamekukosea nini? Punguza mbegu, koroga taratibu."
Nikasema nitalizingatia. Sikulizingatia. Siwezi kufundishwa na mpinzani siku mbili kabla ya ushindi wangu.

Ijumaa, 6 Agosti
Afisa alifika baada ya sala. Nilikuwa na pipa zima, nusu debe ya mbegu, na mwiko wa kupikia pilau la harusi. Nikapiga mbele ya kijiji chote. Povu likamwagika hadi kwenye viatu vya mgeni. Akauliza kama tumefungua kiwanda cha sabuni. Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikiwa nimechelewa kidogo. Kisha nikanywa kikombe kizima kuthibitisha.
Biasha akaleta gilasi yake ya maji. Afisa akaimaliza, akaomba nyingine. Mikono ikanyoshwa. Kwangu ulikuwa mmoja, nao ni wangu. Mwamini alinyosha kwa Biasha, mikono yote miwili.

Jumamosi, 7 Agosti
Chooni tangu alfajiri. Biasha kaniletea maji kwenye birika. Nimeyanywa kwa uchungu. Ni matamu.

Jumapili, 8 Agosti
Tumbo limetulia, nimefikiri kwa haki. Kosa langu nimeliona: mwiko ulikuwa mfupi. Seremala Mwishehe ananichongea mwingine, urefu wa mpini wa jembe. Mbegu nimeshatwanga debe zima.