Kilo Nane na Mizani ya Kahawa

Jumatatu, 20 Oktoba 2025

Unene uliokithiri: hali ya mwili ambamo uzito kwa kilo, ukigawanywa kwa mraba wa kimo kwa mita, huzidi arobaini. Wangu ni hamsini na saba. Kilo 166. Daktari Makandi wa Meru mjini ametaja njia tatu. Kubana tumbo la chakula kwa mkanda. Unaondoleka, kwa hiyo hata yeye hauamini. Kukata sehemu kubwa na kubakiza mrija. Kubakiza kijifuko na kupeleka chakula mbele utumboni, kama barabara ya mchepuko. Nimechagua mrija. Sharti: nipunguze kwanza kilo nane kwa majuma mawili, ini linywee, vyombo vipate pa kupita. Ini! Nanusa mtego. Nafasi ya upasuaji iliyobaki mwaka huu ni moja, na magoti yangu hayana mwaka mwingine. Anayeiwania pia ni Gachoki, mwalimu mkuu mstaafu. Hutembea alfajiri. Anamficha nani?

Alhamisi, 30 Oktoba

Siku kumi za kabichi (mukimo wa Jumapili, viazi vya kupondwa, hauhesabiwi). Zimepungua kilo mbili tu. Kisha, wazo! Mizani ya kiwanda chetu cha kahawa huiba: huonyesha kilo pungufu. Barua tatu za malalamiko ya wakulima niliziandika mimi. Nikapanda katikati ya magunia. Karani Ngari akauliza, "Mwalimu, nikuandike gredi gani?" Mizani: 156! Nikadai risiti yenye muhuri. Kwa kuwa sasa nina akiba ya kilo mbili, nikala mbuzi.

Jumatatu, 3 Novemba

Mizani ya daktari: 167. Nikatoa risiti, nikaeleza kwamba chombo chake hakina muhuri wa chama cha ushirika. Akaisoma mara mbili. Kumbe mama yake hupeleka kahawa kiwanda kile kile! "Mwalimu, mama amelia miaka yote kwamba anaibiwa. Leo umetuletea ushahidi!" Akaipiga picha, akaituma chamani. Nafasi kapewa Gachoki, aliyepungua kilo tisa. Nje akanialika tutembee pamoja. Anataka kuniona nikihema.

Jumanne, 4 Novemba

Wakulima wamekuja kunipongeza. Ngari amesimamishwa kazi. Mizani imepelekwa kurekebishwa. Barua tatu hazikujibiwa, picha moja imejibiwa kwa siku moja. Namshuku Gachoki. Daktari amenipa hadi Januari: nile kidogo, nitembee. Hajaligusa suala lenyewe, la muhuri wa mizani yake. Binamu yangu wa Kianjokoma asema mizani ya majani chai kwao ni ya kuning'inia, nayo hukata uzito wa gunia kwa ukarimu mkubwa. Hoja ni thabiti, ila sehemu moja: turubai nitakaloning'inizwa nalo litakatwa kama gunia, au litahesabiwa kuwa mimi?