Jedwali la Viatu vya Kupandia Jiwe la Mabatini

Ijumaa, tarehe 1 Desemba 1961

Mkutano wa mtaa nyumbani kwa Mzee Yahaya, mwenyekiti wetu. Zimebaki siku nane tupate Uhuru. Imeamuliwa kwamba Jumamosi ya tarehe 9, saa tatu asubuhi, bendera mpya ya taifa itasimikwa juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya mtaa wetu wa Mabatini, hapa Mwanza. Mpiga picha atakuwepo.

Mzee Yahaya aliuliza nani atapanda. Nilinyoosha mkono. Venant naye akanyoosha. Venant ni karani mwenzangu katika bohari ya pamba. Ana miguu mirefu na tabasamu lisilo na sababu. Mzee akasema tutajaribiwa Alhamisi, na atakayeanguka mara chache zaidi ndiye atakayebeba bendera.

Nilimwambia Odeta, mke wangu. Akacheka. Halafu akakumbuka kwamba baba yake anavuka kutoka Kamanga, ng'ambo ya ziwa, siku hiyo kuja kuona sherehe. Akaacha kucheka.

Mzee Maige, baba mkwe wangu, ana ng'ombe mia na ishirini na maoni juu yangu. Siku ya posa alisema mbele ya ukoo wote kwamba karani ni mtu wa kukaa. Miaka miwili sasa nalisikia neno hilo kila ninapovuta kiti.

Jumamosi ijayo atanitazama nikiwa juu. Itabidi ainue shingo.

Venant atategemea miguu. Mimi nitategemea utaratibu. Nimepiga mistari katika daftari: aina ya kiatu, jinsi kinavyokaa mguuni, jinsi kinavyoshika jiwe, heshima. Kila safu alama kumi.

Jumamosi, tarehe 2 Desemba

Jaribio la kwanza: viatu vya ngozi vya kazini. Saa nane mchana, jiwe kavu.

Kukaa mguuni: tisa. Heshima: kumi. Kushika jiwe: sifuri. Nilipanda hatua nne na kushuka zote nne kwa pamoja. Suruali imechanika mahali ambapo shati haliwezi kufika.

Bibi Bimdogo alinikuta nimekaa chini. Ni jirani yetu, mjane, umri wake hakuna aujuaye. Kila siku hupanda jiwe hilo na ungo kichwani kwenda kuanika makopa ya muhogo, kwa sababu juu kuna jua na mbuzi hawafiki. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba, akaniuliza kama nimeangusha kitu. Nilisema hapana, ninapima viatu. Alisema, "Haya, baba, pima," akapita juu ya miguu yangu.

Nilimwomba siku nyingine apite upande. Anavuruga jaribio.

Jumapili, tarehe 3 Desemba

Baada ya misa nilikwenda kwa Msafiri, fundi wa viatu, kununua katambuga. Nilimweleza kwamba sitaki tairi la gari dogo. Nataka tairi la lori, tena lori lililozoea milima. Msafiri alisema tairi halikumbuki lilikopita. Nikamwambia yeye ni fundi, asiingie mambo ya sayansi. Akanichongea.

Matokeo: kushika jiwe, kumi! Katambuga ya kushoto ilishika jiwe barabara. Mguu wa kushoto ukaendelea peke yake.

Katambuga imebaki huko juu. Nilipoondoka pimbi alikuwa ameikalia.

Kukaa mguuni: moja. Heshima: tatu.

Jumatatu, tarehe 4 Desemba

Jambo baya. Venant amekuja kazini na raba nyeupe mpya miguuni. Alizitembeza mbele ya meza yangu mara tano akitafuta kalamu iliyokuwa sikioni mwake.

Saa ya chakula alipita kwenye tope karibu na mzani. Nilishuka na rula nikapima alama yake. Inchi kumi na moja kasoro kidogo. Namba nane, sawa na mguu wangu. Mpima pamba aliniuliza ninatafuta nini chini. Nilisema hesabu.

Baada ya kazi nilikimbia dukani. Mwenye duka alisema raba namba nane ya mwisho ameichukua kijana mmoja mwenye kucheka cheka. Iliyobaki ni namba sita, na hiyo ni ya mtoto wa shule, bwana, usijisumbue.

Nilifikiri. Kiatu kikiwa kikubwa, mguu hucheza. Mguu ukicheza, mtu huteleza. Kwa hiyo kiatu kikibana, mguu na kiatu huwa kitu kimoja. Namba sita ni bora kuliko namba nane! Venant hajui hilo.

Nilinunua. Mwenye duka alinisaidia kuvua. Ilibidi amwite na kaka yake.

Jumanne, tarehe 5 Desemba

Asubuhi nililoweka raba katika maji ya ziwa ili zilainike, kisha nikazianika juu ya jiko la mkaa. Zimekauka. Sasa nadhani ni namba tano.

Odeta aliuliza kama nina akili. Nilimwambia baba yake ndiye aliyeleta neno kukaa katika ndoa hii.

Matokeo ya saa kumi: ajabu! Nilipanda theluthi mbili za jiwe bila kuteleza hata mara moja. Halafu vidole vikafa ganzi. Sikujua tena kama nimesimama juu ya jiwe au juu ya hewa. Niliamua kusubiri damu irudi.

Nilisubiri dakika arobaini na tano.

Bibi Bimdogo alinipita akipanda. Aliuliza kama napumzika. Nilisema ndiyo. Aligeuza makopa yake, akaimba kidogo, akashuka, akanikuta palepale. Akanishika kifundo cha mguu na kunionyesha pa kukanyaga, hatua moja baada ya nyingine, huku ungo ukiwa kichwani. Tulipofika chini aliniambia, "Baba, vua hivyo, miguu haipumui." Wazee wana imani zao.

Kushika: tisa. Kukaa mguuni: sita, bado zinajifunza. Heshima: saba. Kushuka: nilisaidiwa na jirani, kwa hiyo hakuhesabiwi.

Jumatano, tarehe 6 Desemba

Mkutano mwingine kwa Mzee Yahaya, baada ya swala ya alasiri. Nyumbani kwake viatu huachwa barazani. Nilifikiri juu ya desturi hiyo tangu asubuhi.

Nilifika na kikopo cha samli mfukoni, ile anayotuletea Mzee Maige, ya ng'ombe wake. Hakuna kitu kitelezacho zaidi mjini Mwanza. Niliweka raba zangu kushoto kwa mlango. Venant aliweka zake kulia. Walipofika kwenye jambo la pilau nilishika tumbo nikatoka. Nikapaka nyayo za raba za kulia, vizuri, hadi kwenye mistari. Nikarudi ndani na kuunga mkono pilau.

Mvua ikanyesha kidogo. Mwaija, mke wa mwenyekiti, alisikika akifagia baraza na kusogeza viatu visilowe.

Mkutano ulipokwisha nilitoka wa kwanza, giza la mawingu, nikavaa raba za kushoto na kuondoka kabla Venant hajaanza maswali.

Na sasa jambo kubwa la siku. Raba zimelegea! Ziliingia mguuni kama soksi. Vidole vyote kumi vina nafasi. Ndivyo nilivyotabiri: kiatu kinachobana kikipewa siku mbili hutii. Kukaa mguuni nimebadilisha kutoka sita kuwa kumi.

Niliteleza mara tatu njiani kurudi. Matope.

Alhamisi, tarehe 7 Desemba

Siku ya jaribio. Mtaa mzima chini ya jiwe.

Venant alikuja pekupeku. Mkononi ameshika raba ndogo, amezifunga kwa kamba zake. Alitangaza kwa upole kwamba jana kuna mtu alibeba viatu vyake kwa bahati mbaya na kumwachia hivi vya mtoto, na kama mtoto huyo yupo ajitokeze.

Nilitazama miguu yangu. Raba zilikuwa zimejaa matope, weupe hauonekani.

Nilielewa. Sikujitokeza.

Nikaitwa kupanda kwanza. Hatua ya kwanza nilianguka. Nikajaribu tena, nikaanguka kabla ya hatua ya kwanza. Mara ya tatu nilianguka nikiwa nimesimama ardhini. Watu walikuwa na furaha kuliko hali ilivyodai. Mmoja akapiga kelele kwamba nimpishe ng'ombe, yeye angepanda.

Venant alipanda pekupeku, dakika sita. Alirudi anatafuna kipande cha kopa alichopewa na Bibi Bimdogo. Mzee Yahaya akamkabidhi bendera. Venant alishukuru, lakini akasema siku yenyewe angependa apate viatu, maana si vizuri picha ya Uhuru ioneshe taifa liko pekupeku. Watu wakapiga makofi.

Nimeona kosa langu la jana. Sikuziwekea raba zangu alama ya chaki.

Ijumaa, tarehe 8 Desemba

Nimerudisha raba za Venant. Nilizipaka chaki juu ziwe nyeupe. Kwa chini, samli ya kwanza ilikuwa imechanganyika na matope, nikaifuta na kupaka nyingine.

Nilimwambia nimeziokota kwenye ua wa Mzee Yahaya. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Alisema hatauliza maswali, sisi ni ndugu, kesho tunakuwa nchi moja. Akanipa zile ndogo. Alisema alikisia ni zangu kwa sababu zilinuka moshi wa mkaa, kama nilivyonuka mimi Jumanne kazini.

Nilijisikia vibaya sana hadi saa kumi na moja.

Jumamosi, tarehe 9 Desemba. UHURU!

Naandika nimekaa.

Mzee Maige alifika na boti ya asubuhi, fimbo mkononi, kanzu, koti juu ya kanzu. Nilimwamkia. Aliitikia, akauliza kama nimo katika shughuli. Odeta alisema nimo kidogo.

Saa tatu kamili ngoma zikanyamaza. Venant alifunga bendera mgongoni pamoja na mwanzi wake, akavaa raba nyeupe, akatabasamu kwa mpiga picha. Akakanyaga jiwe mara moja. Mara ya pili akakanyaga hewa. Alikaa chini kwa kishindo, na kifundo cha mguu kikavimba hapohapo. Hakulia. Aliuliza kama bendera imechafuka.

Mzee Yahaya akatazama huku na huku. Akasema, "Yuko wapi yule karani mwingine?"

Mzee Maige akageuza kichwa chote kunitazama. Miaka miwili nimeisubiri shingo hiyo!

Nilivaa namba sita. Wanaume wawili walinisukuma visigino. Nikafunga bendera mgongoni na kupanda. Hatua kumi. Ishirini. Vigelegele chini. Nilifika theluthi mbili, mahali pangu pa siku zote. Na vidole vikafa ganzi.

Nilisimama. Watu walidhani ni kwa ajili ya picha. Mpiga picha akasema nisitingishike. Sikutingishika. Baada ya muda akasema sasa naweza kutingishika.

Kutoka ziwani wingu jeusi likaanza kusogea. Bibi Bimdogo alikuwa chini na wenzake, akaliona, akakumbuka makopa yake ya asubuhi. Alikunja kanga, akaweka ungo kichwani, akapanda. Aliponifikia alinitazama miguu, akasikitika. Akasema, "Nipe hiyo, baba, utailowesha." Nikampa. Ningefanya nini? Mkono ulikuwa kitu pekee kilichobaki chenye kufanya kazi.

Kule juu aliusimika mwanzi katika ufa, akaukaza kwa jiwe dogo, akaunyoosha mara mbili kama mtu anayening'iniza nguo. Bendera ikafunguka. Kijani, dhahabu, nyeusi. Sijawahi kusikia Mabatini ikipiga kelele vile, na mimi mwenyewe nilipiga kelele, kisha nikashika jiwe kwa nguvu zaidi. Bibi Bimdogo alikusanya makopa yake yote kabla hajashuka. Mpiga picha alipiga hapo.

Kutoka nilipokuwa niliona chini Mzee Maige ameinama. Ameokota kiatu kimoja cha Venant. Akapitisha kidole kwenye wayo. Akanusa. Akanusa tena, kwa makini, kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani. Halafu akainua macho hadi theluthi mbili za jiwe.

Nilishushwa saa tano, mvua imeanza. Viatu vilikatwa kwa kisu cha Msafiri.

Wakati wa pilau Mzee Maige alingoja watu wageukie sahani. Alimwegemea Odeta na kumwambia kwamba samli hataleta tena, maana nyumba hii huitumia nje. Kuhusu mimi alisema ameridhika. Alisema alijua mimi ni mtu wa kukaa, ila hakujua naweza kukaa juu vile.

Jumapili, tarehe 10 Desemba

Mpiga picha ametoa picha. Juu kabisa yuko Bibi Bimdogo na bendera na ungo. Katikati ya jiwe kuna kitu. Odeta anasema ni pimbi. Sikumsahihisha.

Nilimpelekea Venant ndizi. Mguu umefungwa kitambaa. Alinishukuru kwa kujitolea kupanda badala yake. Hakuna mtu mgumu kushindana naye kama huyo.

Leo mchana nimefunga jedwali. Ngozi, alama kumi na tisa. Katambuga, kumi na nne. Raba namba sita, baada ya kuirudishia sita yake ya kukaa mguuni, ishirini na mbili. Raba namba nane yenye samli, sijui niiweke wapi, kwa sababu ilifanya kazi iliyotumwa.

Uamuzi: tatizo halikuwa viatu, tatizo lilikuwa namba. Sita inabana, nane inachukuliwa na wengine. Nimeagiza namba saba. Sherehe ya mwaka mmoja itakuwa Desemba ijayo, na nitaanza mazoezi Novemba. Mafuta yatakuwa ya karanga, ambayo hayajulikani ni ya nani.

Bibi Bimdogo amepita sasa hivi na ungo wake kuelekea juu. Nilitaka kumwingiza kwenye jedwali kwa heshima ya jana, nikamtazama miguu. Hana viatu. Hakuna cha kuandika.