Malalamiko Juu ya Unadhifu wa Binti Yako

Kawetele,
Rungwe.
Mei, 1993

Kwa mkono wa Uwesu

Ndugu Hezron,
Ibighi, Tukuyu.

YAH: BINTI YAKO KUPANGA VITU VYANGU

Mkwe mwenzangu,

Habari za Ibighi? Huku Kawetele hatujambo, mvua haijatupa nafasi hata ya kuugua. Kichwa cha barua umekwisha kukisoma na najua umetabasamu, maana unadhifu ni sifa ya nyumba yako. Futa hilo tabasamu. Nakuandikia nikiwa na hasira, ila nimeamua kuwa mstaarabu kwa sababu tumekula harusi pamoja, na kwa sababu barua hii anaileta Uwesu, ambaye huenda akaifungua njiani.

Wewe, mimi na Uwesu tunashona ngozi kwa kujifurahisha tu. Mimi nilianza nilipostaafu ukarani wa kiwanda cha chai, wewe ulipostaafu ukarani wa mahakama, na Uwesu alianza kwa kuchoka kukaa dukani. Kila Jumamosi tunakutana barazani kwake, mtaa wa Bagamoyo hapo Tukuyu, na kila Jumamosi tunagombana jambo lile lile: kama ngozi inashonwa vizuri kwenye meza safi au kwenye meza iliyovurugika. Msimamo wako naufahamu. Ukutani kwako umechora kwa chaki umbo la kila kifaa, na msharasi wa kutobolea ngozi ukikosekana kwenye mchoro wake unawahoji wajukuu kama wamekuja kortini. Wangu nawe unaufahamu. Kitu nakiacha pale mkono ulipokiachia, na mkono wangu unakumbuka. Tumebishana hivyo miaka mingi na chai tukanywa. Sikujua kwamba ungenitumia jeshi.

Mwanangu Godwin alipomwoa Ikupa wako nilifurahi, na furaha hiyo siirudishi. Wamejenga ng'ambo ya migomba yangu, chakula changu kinapikwa kwao, na kinafika cha moto. Lakini tangu mama Godwin atutoke, kile chumba cha uani chenye meza yangu ya ngozi ndicho mahali pekee ninapokaa nikajisikia niko nyumbani. Nikikipoteza sina pengine pa kwenda. Basi sikiliza malalamiko yangu. Nimeyapanga kwa namba, ingawa kupanga ni tabia ya upande wenu.

1. Alianza kwa kufagia, na hilo nililipokea, maana kufagia ni hisani. Kisha nikatoka siku moja kwenda kupogoa migomba, niliporudi nikakuta misumari imepigiliwa ukutani kwa mstari na vifaa vyangu vinaning'inia kuanzia kirefu hadi kifupi. Nilihitaji msharasi. Nikanyoosha mkono pale ulipokuwa umelala tangu vita vya Kagera, nikashika hewa.

2. Vipande vyangu vya ngozi vimebaguliwa. Vyeusi vimetiwa kopo lao, vya kahawia lao, vyenye manyoya navyo lao. Kwangu vipande viliishi pamoja bila ubaguzi. Nikitafuta kipande cha kushikiza bizimu ya mkanda, nakutana kwanza na kingine kinachonipa wazo la pochi, na nikitafuta cha pochi napata wazo la ala ya panga. Kila kitu kizuri nilichowahi kushona nilikiona nikitafuta kitu kingine. Sasa nakipata ninachokitaka mara moja, na tangu Pasaka sijabuni chochote.

3. Ngozi nzima nzima mimi nazitandaza. Moja juu ya kiti, moja mlangoni, moja juu ya redio. Wewe unaita fujo, lakini mtu anayeishi kwenye mvua hii ya kwetu anajua kwamba ngozi isiyopata hewa inaota kuvu. Binti yako akazikunja vizuri akazilaza sandukuni, na kuvu likaota. Hapo nilicheza, nakwambia kweli. Furaha yenyewe haikudumu. Aliziona, akazitoa, akazifuta kwa limau na kuzianika kwenye kamba, moja moja, kwa nafasi. Chumba sasa kinanukia vizuri, lakini suala la harufu halimo katika barua hii.

4. Nchi yote imelegezwa. Tumeambiwa ruksa. Kwa Uwesu mtu anajichagulia sabuni za rangi tatu na mikanda ya plastiki kutoka ng'ambo, bila foleni wala kibali. Bei zimeachiwa ziende zitakako, na vyama vya siasa vimekuwa vingi hadi Kawetele tumeletewa bendera tusizozijua. Ni mezani kwangu tu ambako umeletwa mpango wa maendeleo wa miaka mitano. Nauliza kwa heshima: serikali imeacha kuwapangia watu, ninyi mmepata wapi kibali cha kuendelea?

5. Sasa nifike kwenye kidonda chenyewe. Angekuwa mtoto mwingine ningemwita nikamwambia, mwanangu, acha. Lakini wewe ni Mnyakyusa kama mimi. Huyu ni mkwe wangu, hatutazamani wala hatusemezani. Nikikohoa uani yeye anaingia migombani, nami nikiona khanga yake njiani nakata kona hata kama kona haipo. Kanisani tumeingia sote, ila hili hatukuliacha mlangoni, na binti yako analishika kwa heshima ambayo sijaiona kwa wakwe wa majirani. Kwa hiyo yeye anapanga nisipokuwepo, na mimi navuruga asipokuwepo.

Nimejaribu kumfikishia ujumbe kwa vitu. Niliacha nyundo katikati ya sakafu, maana yake usiguse. Niliikuta imetundikwa, mpini umepakwa mafuta. Nikaacha kiti kimelala chali, maana yake nimekasirika. Nilikikuta kimesimama, na ule mguu uliokuwa unacheza umekazwa. Nikamtuma Godwin amweleze. Godwin akacheka, akaniambia, "Baba, chumba kimekuwa bomba, unalalama nini?" Huyo ndiye mtoto niliyemsomesha.

6. Siku ya mvua kubwa, wiki mbili zilizopita. Nilikuwa shambani, mvua ikanifukuza nikarudi mapema kuliko kawaida. Nafika uani, nasikia ufagio ndani ya chumba changu. Nikakohoa. Ufagio ukanyamaza. Sasa fikiria, mkwe mwenzangu. Mlango wa chumba kile ni mmoja, na dirisha lina nondo. Akitoka tunakutana uso kwa uso. Nikiingia ni aibu ya vizazi. Nikasogea chini ya upenu wa jiko, nikageuka nikatazama ukuta ili apate kupita. Lakini yeye huko ndani hakujua kama nimegeuka, na mimi nisingeweza kumwambia. Kumchungulia kuona kama ametoka ndiko hasa kunakokatazwa. Basi akangoja niondoke, nikangoja atoke, na mvua ikapiga.

Mtu aliyefungiwa na mkono usiotulia hakai bure. Nikaanza kusikia makopo. Nikasikia meza inasogezwa. Kadiri nilivyomsubiri kwa heshima ndivyo alivyozidi kupanga kwa heshima. Alifika mpaka kwenye rafu ya juu ambayo hata mimi nilikuwa siijui ina nini. Nilisimama pale nikiwa nimelowa chapachapa, nikisikiliza ufalme wangu ukianguka, na sikuweza kupaza sauti. Godwin ndiye aliyekuja kutuokoa jioni, akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba kama mgonjwa.

7. Jumamosi iliyofuata Uwesu alitangaza barazani, mbele yako, kwamba nimehamia chama chako cha meza safi. Ulinipa mkono. Sitausahau mkono ule.

Kutokana na hayo, na kwa kuwa binti yako tangu Jumatatu yuko huko kwenu kuwasalimu, naleta maombi yafuatayo. Kwanza, umzuie hapo umfundishe kuvuruga, japo kidogo, aanze na jiko la mama yake. Pili, ikishindikana, Godwin aje kwako mara moja kwa juma avuruge ukuta wako, ili koo zetu ziwe sawa. Tatu, hayo yote yakishindikana, tuitishe kikao cha ukoo na nirudishiwe mahari. Ng'ombe wenyewe siwataki, sina pa kuwalisha. Nirudishiwe ngozi zao, na zije zimetandazwa.

Naamini utalishughulikia jambo hili kwa haki uliyoizoea mahakamani. Msalimie mama Ikupa, wasalimie wajukuu wanaohojiwa, wasalimie na majirani wote wa Ibighi wenye meza za kawaida. Ndaga fijo, asante sana.

Ni mimi mkwe mwenzako, mnadhifu kwa kulazimishwa,

Ambindwile

Tanbihi: Kama umeanza kusoma juu, pole, ingefaa uanzie hapa. Uwesu amefika kuchukua barua, na anasema binti yako hakuja huko kwa ajili ya salamu. Anasema Godwin, pamoja na kunicheka kule, mwishowe alimfikishia maneno yangu kwa ukali zaidi kuliko nilivyoyatoa, na kwamba tangu afike analia, anamwambia mama yake baba mkwe hautaki mkono wake. Mimi sikujua. Nilidhani yuko kwenye likizo.

Uwesu amesimama mlangoni na mwavuli wake, sina muda wa kuandika nyingine. Basi nikwambie upesi. Tangu Jumatatu chumba kiko kama nilivyokidai kwa namba saba. Nimevuruga nitakavyo. Asubuhi natoka, mchana narudi, na kila kitu kiko pale pale nilipokiacha, hakuna aliyenijibu. Kumbe mwaka mzima tulikuwa tunazungumza, Hezron. Ndiyo njia pekee ambayo mimi na yule mtoto tunaruhusiwa, na mimi ndiye niliyekwenda kumshitaki. Nimesikia upweke siku hizi ambao sikuusikia tangu mama Godwin aondoke.

Yote niliyoomba nimeyafuta. Godwin anakuja kesho kumfuata, na nimemwambia aombe radhi kabla hajakaa. Mimi kesho nitakuwa kwa Uwesu kuanzia asubuhi mpaka giza liingie, na kesho kutwa pia. Mlango nauacha wazi na meza nimeivuruga vibaya. Mwambie arudi. Mwambie sitakuwepo.