Viungo Vyote Vinaelekea kwa Mulumba

Jumatatu, 29 Machi 1993. Kolwezi.

Jana wamemtoa shefu wangu, mkubwa wangu wa kazi, Tata Mulumba. Si polisi. Ni vijana wenye filimbi, wale wanaopita nyumba kwa nyumba kuwaambia Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, watoke huku Katanga warudi kwao. Tata Mulumba kazaliwa hapahapa Kolwezi. Baba yake ndiye aliyeletwa zamani kuchimba shaba. Haikusaidia. Sasa yuko stesheni na mkewe, Mama Mianda, na watoto wao, katikati ya umati, wanangoja treni isiyokuja.

Nimesikitika. Nimesikitika sana, mpaka saa nne.

Saa nne mkurugenzi kaniita mimi na Rémy, mpiga chapa wetu. Biro, ofisi yetu, karibu tupu, makoti ya wenzetu waliotolewa bado yananing'inia kwenye viti. Kasema kitabu cha pampu zinazotoa maji mgodini lazima kitoke wiki ijayo. Atakayekimaliza atapewa meza ya Mulumba, na nyumba ya Mulumba.

Nyumba! Barza mbele, bomba la maji ndani! Mimi na mke wangu Mamie tumebanana katika chumba kimoja kwa kaka yake. Na Rémy hajui kitu kimoja: ufunguo ninao mimi. Tata Mulumba mwenyewe alinipa, akaniomba nimchungie nyumba na mbwa mpaka atakaporudi.

Nitaichunga. Kutoka ndani.

Jumatano, 31 Machi.

Nimekaa mbele ya kompyuta ya Mulumba. Kiti bado kina umbo lake.

Kitabu kimejaa viungo. Kiungo ni yale maneno ya "tazama sura ya nne" au "muulize fulani", yanayompeleka msomaji mahali pengine. Mulumba alivitengeneza vyote. Na karibu kila kimoja kinaishia kwake! Pampu ikikwama, muulize Mulumba. Maji yakipanda, muulize Mulumba. Jina lake jaladani, jina lake chini ya kila ukurasa. Mtu hayupo, lakini yuko kila mahali.

Nimeanza kazi. Kila penye Mulumba nimeandika jina langu, Nkulu, juu yake. Kisha nimevipamba: herufi nene, mstari chini, ili mkurugenzi aone kwamba kuna mtu amefanya kazi. Mulumba hakuwa na mapambo hata kidogo.

Rémy kachungulia, kasema shefu alikuwa na njia yake ya kubadilisha majina. Nimemwambia ashughulike na wino wake. Wivu tu!

Ijumaa, 2 Aprili.

Nimehamia. Mamie kakataa. Kasema hawezi kulala katika kitanda ambacho wenyewe hawajakufa wala hawajakiuza. Kapanda lori kwenda kwa dada yake, mjini Fungurume. Atarudi akisikia habari ya bomba.

Nyumba iko kama walivyoiacha. Sufuria ya maharage mezani, kijiko kimesimama ndani. Viatu vya watoto mlangoni, vyote vinaangalia nje. Nimevigeuza viangalie ndani. Nilipotoka kuoga vilikuwa vinaangalia nje. Labda ni mbwa. Yule mbwa hanibwekei, anakaa tu ananiangalia uso, halafu anaangalia barabara.

Mvua ikaanza, nikachukua kabuti la Mulumba msumarini. Limenitosha kabisa, ajabu, maana yeye ni mrefu kuliko mimi.

Jirani, Mama Kapenda, mjane anayeuza makaa, kaniona kwenye barza. Kanisalimu kwa Kiluba cha Kasai: "Moyo, Tata Mulumba." Nimemwambia mimi ni Nkulu. Kaitikia kwa kichwa, kaendelea kupanga makaa yake. Macho yake yameisha, maskini.

Jumamosi, 3 Aprili.

Sipendi jambo hili.

Nimefungua kitabu kukisoma kwa raha. Katika ukurasa wa maji yakipanda, palipoandikwa Nkulu, pameandikwa Mulumba. Herufi nene, mstari chini. Biro ilikuwa imefungwa, na ufunguo wake nilikuwa nao mimi.

Nimeandika tena Nkulu. Nimeenda dirishani kuvuta pumzi. Barabara ya kwenda sokoni haikuwa na mtu, mlango mmoja tu unajipigapiga. Nimerudi. Mulumba.

Nikajiambia ni umeme, siku hizi unacheza. Nikaandika Nkulu mara ya tatu, nikazima mashine kabla haijapata nafasi ya kunijibu.

Njiani kwenda nyumbani mbwa alikuwa ananingoja penye kona ambapo humngoja Mulumba. Katembea nyuma yangu mpaka mlangoni. Mama Kapenda: "Moyo, Tata Mulumba." Sikumsahihisha. Nilikuwa nimechoka.

Jumatatu, 5 Aprili.

Ushindi! Mkurugenzi kasema kitabu kipigwe chapa. Nimeongezea vitu vyangu viwili mwishoni mwa faili hilohilo: kadi ya kazi na kibao cha kubandika kwenye geti. Sikuandika jina upya. Nimechukua kiungo cha jaladani, kile kizuri nilichokipamba, nikakiweka kotekote.

Rémy kauliza kama ninataka kuona kurasa kwanza. Kasema mashine huvipitia viungo vyote upya kabla ya kuchapa. Nimecheka. Anataka anicheleweshe! Nimempa picha yangu ya kadi, nikamwambia achape, na kibao akakipigilie mwenyewe getini. Ajifunze kunitumikia.

Nimekula maharage ya Mulumba. Hayajachacha. Sielewi, lakini sijalalamika.

Jumatano, 7 Aprili. Stesheni.

Naandika juu ya goti. Nitaeleza haraka.

Asubuhi kadi imeletwa, nimeitia mfukoni bila kuitazama, nilikuwa nakunywa chai kwenye barza. Filimbi. Vijana wameingia getini. Mkubwa wao kanisemesha kwa adabu, hilo ndilo lililonitisha.

"Tata Mulumba, ulirudia juu ya nini? Kamata bitu yako, twende ku gare."

Nimemwambia mimi ni Nkulu, mtu wa Kabongo, Mkatanga kama yeye, baba yangu na babu yangu. Kajibu: "Bote banasemaka vile."

Kaninyoshea kidole kibao cha getini. MULUMBA. Herufi nene, mstari chini.

Nimetoa kadi niwaaibishe. Picha ni yangu. Jina ni Mulumba. Kijana kaniangalia kwa huruma, kama mtu aliyemkamata mwongo wa kawaida.

Nikamwita Mama Kapenda. Nikamwambia mama, waambie mimi nani. Alikuja mpaka kwenye ua. Aliniangalia, akaliangalia kabuti, akaviangalia viatu vya watoto mlangoni. Wala macho yake hayakuonekana yameisha.

"Huyu njo Tata Mulumba," kasema. "Namujua tangu zamani."

Nikatolewa. Mbwa akafuata.

Jumapili, 11 Aprili. Pasaka. Stesheni.

Mbwa alinipita bila kugeuka, akaenda kulala miguuni pa Mulumba. Hivyo ndivyo nilivyomwona shefu wangu, chini ya paa la mizigo, mahali pakavu, anakohoa. Kaniona na kabuti lake. Kasema: "Karibu, ikala," akanionyesha mahali pa kukaa. Mama Mianda kanigawia ugali wa watoto. Nimeona haya, kisha nimekula.

Kauliza kama nyumba iko salama. Nimesema niliichunga vizuri. Nikamweleza na habari ya viungo. Kafumba macho kama mwalimu.

"Mi nilikuambiaka, Nkulu. Jina iko fasi moja tu, kwa ukurasa ya kwanza, ile ya kufichama. Biungo binaikamata kule. Usiguse biungo, gusa kule jina inatokea. Weye ulipamba jina yangu tu."

Hata hapa anataka kunifundisha kazi!

Rémy kaja leo baada ya misa, kasimama nje ya kamba waliyotuzungushia. Mkurugenzi kamwambia hamna Nkulu katika karatasi zozote za biro. Kuna Mulumba, na Mulumba keshaondoka. Meza kapewa Rémy. Nyumba pia. Alikuja kuuliza bomba linafunguliwa upande gani. Sikumwambia.

Mvua imeanza tena, na upande wangu hauna paa. Nimepachunguza vizuri mahali pa Mulumba. Pana ukuta nyuma, upepo haufiki, na treni ikija mlango wa behewa utasimama karibu hapohapo. Na kikohozi kile si cha mchezo. Watu wa msalaba mwekundu wanaita wagonjwa kwenye hema lao, naye Mama Mianda kamshika mkono kumpeleka, na watoto nyuma yao.

Kabla ya kuondoka Mulumba kaniomba nimchungie mahali pake mpaka atakaporudi.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Nimeshatandika kabuti, nimeweka mfuko wangu ukutani, mbwa kasogea kidogo kunipa nafasi. Panafaa sana. Mama mmoja kapita na ndoo kichwani, kaniinamia: "Moyo, Tata Mulumba."

Nimeitikia.